Muulize Bi Fundi: Hilo Sanduku la Chuma Usilitoe

Swali: Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni msomaji wako wa Tabata Segerea. Mwezi uliopita hoteli moja ya ufukweni ilikuwa inauza vitu vyake, nami nikarudi nyumbani na kabati la gemu, lile la kusimama, la wachezaji wawili, lenye kioo cha chogo na batani tatu kila upande. Ukiliwasha kioo kinatoa mwanga, ila bodi ya ndani imekufa. Ninayo Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, aliyoniletea shemeji, ninayo PlayStation 2 ya siku nyingi, na rafiki yangu ana bodi ya gemu la kupigana, Street Fighter II, yuko tayari kuniachia. Nataka vyote vitatu vicheze humo kwa zamu. Fundi wa mtaani kaja kuangalia, anasema tukate waya zote tufanye waringi mpya ya hiyo Pi. Tena chini kabisa kuna sanduku la chuma, zito, lina waya nne. Anasema halina kazi, linaongeza uzito tu, nilitoe. Nyuma ya kabati pameandikwa AC 100V. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kamwambie fundi wako aweke plaizi chini. Barua yako nimeisoma Jumatatu usiku na nimeijibu usiku huo huo, kwa kuwa naliona kabati zuri linataka kuharibiwa mbele ya macho yako.

Tuanze na sanduku. Hayo maandishi ya AC 100V yanakwambia kabati lako limetengenezwa kwa ajili ya umeme wa Japani, ambako nyumbani watu wanapata volti 100. Kwetu ukutani zinatoka 230. Sanduku hilo zito ni transfoma: waya mbili zinapokea 230, waya mbili zinatoa 100. Hoteli ile ilikaa na kabati miaka yote bila kuliunguza kwa sababu ya chuma hicho. Ukilitoa ukachomeka moja kwa moja, kioo na pawasaplai havitamaliza dakika. Chomoa plagi ukutani, kisha chukua mita, iweke kwenye upimaji wa ukinzani, pima kati ya waya za kuingilia na za kutokea. Isiposoma kitu chochote, ujue koili mbili zimetengana kabisa, nayo ni salama zaidi kwako na kwa kioo. Ikisoma, bado inapunguza volti, lakini upande wa kioo umeunganika na umeme wa ukutani. Hapo usiguse chuma chochote cha ndani wakati kabati limewashwa. Na wati zilizoandikwa juu ya transfoma zisiwe chini ya zile zilizoandikwa nyuma ya kabati.

Kwa kuwa umeshafungua mlango wa nyuma, nikuonye na jambo jingine. Ule mpira mwekundu au mweusi uliobandikwa mgongoni mwa kioo kama kikombe, wenye waya mnene unaokwenda kwenye flaibaki, yaani transfoma ya volti kubwa ya kioo, unabeba volti elfu ishirini na zaidi. Ukizima, chaji haiondoki papo hapo. Nimekulia kwenye karakana ya mjomba wangu Ilala, tulianza kupokea televisheni kwa wingi kuanzia 1994 matangazo yalipoanza huku Bara, na sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba ukifanya kazi nyuma ya kioo, mkono mmoja unakaa mfukoni. Wewe huna kazi yoyote na kikombe hicho. Kazi yako yote iko kwenye plagi ndefu ya bodi.

Hiyo plagi ndefu ndiyo mali yenyewe uliyonunua. Itazame vizuri: ina pini 56, yaani 28 juu na 28 chini. Ni mpangilio uitwao JAMMA, walioupitisha watengenezaji wa mashine za gemu wa Japani mwaka 1985, wakakubaliana kwamba bodi yoyote ya kiwanda chochote iingie kwenye kabati lolote bila kubadilisha waya hata mmoja. Kila pini ina kazi yake: za mwanzoni na za mwishoni ni ardhi, yaani waya wa pamoja wa volti sifuri, ya 3 na ya 4 ni volti 5, ya 6 ni volti 12, ya 10 ni spika, ya 12 ni rangi nyekundu, ya 16 ni sarafu, ya 17 ni kuanza kwa mchezaji wa kwanza, ya 18 mpaka 21 ni joistiki, ya 22 mpaka 24 ni batani tatu. Upande wa pili ni hivyo hivyo kwa mchezaji wa pili. Sasa fikiria mtu anakata yote hayo ili Pi moja ipate kukaa. Siku rafiki yako anakuja na Street Fighter yake mtaiingiza wapi?

Ndiyo maana nakusisitizia: kabati usiliguse, kifaa ndicho kilifuate kabati. Kila kifaa kijengee kitanda chake. Nenda Keko, kwa mafundi wa fanicha, waombe wakukatie vipande vitatu vya plaiwudi nyembamba vya sentimita 30 kwa 40, na reli mbili za droo za kufunga ndani ya kabati. Kila kipande kinabeba kifaa kimoja pamoja na vikorombwezo vyake vyote, na mwisho wake kinatoa meno 56 ya JAMMA. Ukitaka kubadilisha gemu unazima, unachomoa plagi, unavuta kitanda, unasukuma kingine, unachomeka. Dakika mbili, na hakuna waya uliokatwa.

Kuna kitu kimoja ukikague kabla ya kuchomeka chochote, na hiki kiliniuma mwenyewe. Kwenye plagi yako nafasi ya 7 haina waya. Inatakiwa iwe na kipande kidogo cha plastiki kilichoziba, na bodi nazo zina mkato mahali hapo, ili plagi isiingie kinyume. Mwaka 2006 mteja wa Upanga aliniletea kabati ambalo kipande hicho kilikuwa kimeng'oka. Nilikuwa na haraka, ilikuwa Ijumaa jioni, nikageuza plagi juu chini. Ukifanya hivyo ardhi inakutana na ardhi, kwa hiyo unaona kama mambo ni salama, kumbe zile volti 12 zimeingia moja kwa moja kwenye njia za batani. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Bodi ile ilikuwa ya mtoto wa mteja, zawadi kutoka kwa babu yake, na nilikaa wiki tatu nikitafuta chipu ya kuirudisha. Tangu siku hiyo siwashi kabati lolote kabla sijatia kidole changu kwenye nafasi ya 7. Kama chako hakipo, kata kipande cha kadi ya plastiki, kipachike kwa gundi, na juu ya plagi andika kwa rangi nyeupe UPANDE WA VIPURI, yaani upande wa bodi wenye chipu.

Halafu pima volti. Washa kabati bila bodi kwanza, kisha na bodi, kwa kuwa namba hubadilika kukiwa na mzigo. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye jino la 1, nyekundu kwenye jino la 3, pale pale juu ya bodi, sio kwenye pawasaplai. Waya za kabati lililozeeka hula volti njiani. Juzi nimepima la mteja wa Magomeni: kwenye pawasaplai ilisoma 5.02, kwenye bodi 4.72, na gemu lilikuwa linajizima kila likifika hatua ya pili. Pembeni mwa pawasaplai kuna skurubu ndogo ya plastiki, nyingi huwa nyeupe au njano. Niliizungusha kwa bisibisi nyembamba, robo mzunguko, huku jicho likiwa kwenye mita: 4.80, 4.91, 5.04. Nikaachia hapo. Gemu halijazima tena. Usipite 5.1, maana chipu za zamani hazisamehe.

Sasa vitanda vyako. Street Fighter II ndicho rahisi, kwa kuwa bodi yenyewe tayari ni ya JAMMA. Shida yake ni batani. Mpangilio wa 1985 uliweka batani tatu, na gemu hili la Capcom la mwaka 1991 linataka sita, tatu za ngumi na tatu za mateke. Ngumi zinapita kwenye plagi kuu. Mateke yana soketi yake pembeni ya bodi, na yanataka waya zake mbali. Kwa hiyo utatoboa matundu matatu zaidi kila upande kwenye meza ya batani. Nunua batani kwanza, pima shingo yake, ndipo utoboe. Nyingi ni za milimita 30 au karibu na hapo, lakini nimeshaona mtu katoboa 24 akashinda siku nzima na tupa. Waya za mateke zipe plagi yake ndogo, ili kitanda kikitoka zibaki zimening'inia salama ndani ya kabati. Vifaa vingine haviwezi kuzitumia kwa kupitia plagi kuu, na hilo halina ubaya.

Pi inataka uangalifu zaidi kwenye picha. Kioo cha kabati lako, kama vioo vingi vya umri huo, kinachora mistari kwa kilohezi 15 na ushei, yaani mistari elfu kumi na tano na kitu kwa sekunde. Kompyuta hutoa 31 na kuendelea. Ukikilazimisha kioo cha 15 kupokea 31, transista ya mlalo inaweza kuungua, na kioo kile hakiuzwi tena dukani. Kwa hiyo usifanye jaribio la kebo ya HDMI na adapta ya kubahatisha. Vipo vibao vilivyotengenezwa mahsusi, vinakalia pini 40 za Pi kwa upande mmoja na upande wa pili vina meno 56 ya JAMMA. Vinatoa picha ya kilohezi 15, vinasoma joistiki na batani, na Pi inakula volti 5 za kabati. Kariakoo nimezunguka Aggrey yote sijaviona, ilibidi niagize China kwa wakala wa kargo. Hapo ndipo ile skurubu ya volti inaporudi: Pi ikishuka chini ya volti 4.63 huonyesha kialama cha radi kwenye kona ya kioo. Ukikiona, usilaumu programu, rudi kwenye mita.

PlayStation 2 naiweka mwisho, na nitakwambia kweli yangu: ndicho kitanda chenye kazi kubwa na faida ndogo. Picha yake ya rangi tatu ni ya kilohezi 15 kwa gemu nyingi, hilo linakubaliana na kioo chako, lakini nguvu yake ni volti 0.7, na vioo vya kabati vimezoea kupokea zaidi ya hapo mara kadhaa. Bila kikuza mawimbi utaona picha ya giza, kama televisheni ndani ya chumba chenye moshi. Utahitaji pia saketi ndogo ya kutenganisha ishara ya kupanga mistari, watu hutumia chipu ya LM1881. Sauti nayo: bodi za JAMMA zinasukuma spika zenyewe, PlayStation haisukumi, itahitaji amplifaya ndogo. Na waya wa hasi wa spika usiuunge na ardhi ya kabati hata kama unaona ni njia fupi, kwa bodi nyingi waya huo sio ardhi.

Kwa batani za PlayStation, mafundi hufungua padi na kuchomea waya kwa risasi kwenye kila kibonyezo. Usitumie padi ya PlayStation 2 yenyewe. Vibonyezo vyake vinapima mkandamizo wa kidole, havifanyi kazi kama swichi ya kawaida. Tafuta padi za PlayStation ya kwanza, zile zisizo na vijiti viwili. Humo batani zote zinakutana kwenye ardhi moja, sawasawa na zilivyo kwenye kabati lako. Kama PlayStation yako ni ile nyembamba yenye adapta ya nje, adapta ni ya volti 8.5, iachie adapta yake, usithubutu kuipa 12 za kabati. Na kama gemu unalolitaka humo ni la mpira, mwanangu, mpira chezea padi kwenye kochi. Gemu za kupigana ndizo zinazopendeza kwa joistiki.

Anza na Street Fighter wiki hii. Pi ifuate kibao kikifika. Ya tatu utaamua mwenyewe baada ya kuzicheza hizo mbili.

Swali: Habari za kazi Bi Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Mbezi Beach. Nimejenga kabati dogo la mezani kwa TV ya chogo ya inchi 14 ya bibi, na Raspberry Pi 3. Nimenunua ile kebo yenye kichwa kimoja kama cha earphone na vichwa vitatu vya rangi. Picha hakuna, spika inanguruma tu. Nikibadilisha vichwa, wakati mwingine picha inakuja nyeusi na nyeupe, inapanda juu. TV ni nzima, king'amuzi kinaonyesha vizuri.

Jibu: Nzuri, mwanangu, na umefanya vema kuitunza TV ya bibi. Mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu wengi walidhani chogo zimekufa, wakazitoa kwa bei ya chuma chakavu. Wewe umeona kwamba tundu lile lile la njano linalopokea king'amuzi linapokea na gemu. Kwa gemu za zamani zilizochorwa kwa ajili ya vioo hivyo, hakuna flati itakayokupa rangi ile.

Tatizo lako ni mawili, na kebo ndiyo la kwanza. Kichwa kile kidogo kina sehemu nne, zimetenganishwa na mikanda mitatu myeusi. Pi inataka mpangilio huu kuanzia nchani: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, ardhi, na sehemu ya nyuma kabisa, karibu na mpini, iwe picha. Kebo nyingi zinazouzwa zilitengenezwa kwa kamera za video, na kwenye nyingi ardhi ndiyo iko nyuma kabisa. Zinafanana kwa sura, muuzaji hawezi kujua. Nenda na mita dukani, iweke kwenye upimaji wa kulia. Gusa sehemu ya tatu na chuma cha nje cha kichwa chochote cha rangi: ikilia, ardhi iko mahali pake, na hata rangi zikiwa zimepishana unaweza kuchomeka nyekundu kwenye tundu la njano ukamaliza. Ikilia kwenye sehemu ya nne, irudishe, hakuna kubadilisha vichwa kutakakoisaidia. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanguruma.

Picha nyeusi na nyeupe inayopanda ni jambo la pili. Pi ikitoka kiwandani hutoa rangi kwa mfumo wa Marekani, na TV ya bibi ni ya mfumo wa PAL kama nyingi za kwetu. Chomoa memori kadi, ichomeke kwenye kompyuta, fungua faili liitwalo config.txt, tafuta sdtv_mode, andika 2 mbele ya alama ya usawa, na kama mstari huo una alama ya reli (#) mwanzoni uifute; hii ni kwa matoleo ya zamani ya mfumo wa Pi, matoleo mapya hayausomi mstari huo. Hakikisha HDMI haijachomekwa unapowasha. Siku ukihamia Pi 4 utaongeza mstari enable_tvout=1, bila huo tundu lile limelala. Pi 5 usiinunue kwa kazi hii, tundu hilo hawakuliweka.

Na kwa kuwa uko Mbezi Beach: upepo wa bahari unakula swichi. Ukiona batani moja inapiga mara mbili kwa kubonyeza mara moja, usikimbilie kwenye programu. Chomoa waya wake, angalia vibati vya shaba. Vikiwa na ukungu wa kijani, visugue kwa kifutio cha penseli, paka vaselini kidogo sana kwa nje baada ya kurudisha waya. Nyuma ya kabati usiache wazi, na usilibandike kwenye ukuta wa dirisha la baharini.

Swali: Bi Fundi, salamu kutoka Mbagala. Kabati langu la Pi ni la miezi mitano, memori kadi zimekufa tatu. Umeme ukikatika tu, ukirudi inaganda kwenye maandishi. Fundi wangu anasema ninunue kadi ya bei mbaya zaidi.

Jibu: Kadi nzuri itachelewesha kifo, haitakizuia. Pi ni kompyuta, na hata ukiwa umekaa tu unalitazama gemu, yenyewe inaandika vitu vyake kwenye kadi. Umeme ukiondoka kalamu ikiwa juu ya karatasi, ukurasa unachanika. Na sio kukatika kwa mtaa mzima tu. Uniti za luku zikiisha saa tatu usiku, au mtoto akizima kabati kwa swichi ya ukutani kama anavyozima feni, ni mauti yale yale.

Fanya hivi kaka. Chukua batani moja ya kawaida, waya zake mbili zichomeke kwenye pini ya 5 na ya 6 za Pi, zile safu mbili za pini 40. Kwenye config.txt ongeza mstari dtoverlay=gpio-shutdown. Ukibonyeza, Pi inajizima kwa adabu, ukibonyeza tena inaamka. Iweke juu kabisa ya kabati, iwe nyekundu, na kila mtoto wa nyumba afundishwe kwamba hiyo kwanza, ukutani baadaye. Kwa kukatika kwa ghafla, weka UPS ndogo ya kompyuta, hata iliyotumika, mradi betri yake inashika dakika tano. Zinakutosha kuifikia batani nyekundu.

Na leo leo, kabla kadi ya nne haijafa, tengeneza nakala yake nzima kwenye kompyuta, kadi yote, sio faili moja moja. Mimi nakala zangu ninazo mbili, moja iko kwa dada yangu Temeke.

Swali: Mwenzangu, mimi ni mama wa Kinondoni. Mume wangu amewaletea watoto kabati la gemu, nataka lipokee sarafu ili wasicheze mfululizo. Je, linaweza kukubali za kwetu? Nahofia pia majirani wakisikia sarafu zinalia watasema tumeweka dubwi ndani.

Jibu: Mama mwenzangu, hofu yako naielewa, maana dubwi limewaharibia watu wengi mitaani kwetu, na sarafu ya mia mbili imechafuka jina kwa sababu yake. Lakini hivi ni vitu viwili tofauti. Dubwi ni kamari: unaweka pesa ukitumaini itoe zaidi, liko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtoto haruhusiwi kabisa kuligusa. Kabati lako halirudishi hata senti. Mkaribishe jirani mmoja aje acheze na wanawe, maneno yataisha hapo hapo mlangoni.

Sarafu zetu linapokea. Agiza kipokezi cha aina ya kulinganisha, chenye mahali pa kubana sarafu ya mfano ndani yake. Unapachika mia mbili yako moja humo, na kuanzia hapo kinakubali zinazofanana nayo tu, nyingine zote kinazitema chini. Usipachike sarafu mpya inayong'aa wala iliyochakaa ikawa laini. Chagua ya katikati, la sivyo kitakataa nusu ya zilizo mkononi mwako. Mia tano pia unaweza, lakini ni pesa kubwa ya kuachia mkononi mwa mtoto. Kipokezi kina waya wa volti 12, waya wa ardhi, na waya wa ishara, ambao kwenye kabati la JAMMA unakwenda pini ya 16. Pembeni kina kiswichi cha NO (saketi iko wazi kwa kawaida) na NC (imefungwa kwa kawaida), kiache kwenye NO. Kikiwa kwenye NC, gemu litadhani sarafu imekwama njiani, litakataa kuanza.

Kwangu nina wajukuu wawili na sarafu tano kwenye kikopo cha blubendi. Ufunguo wa kisanduku ninao mimi. Sarafu zikiisha, mchezo umeisha, na kesho yake wakishatoka madrasa wanazikuta zile zile tano zimerudi kwenye kikopo.